Mkia wa Majibu ya Mama

9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limekuonea huruma kidogo. Huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana. Mdogo wangu alikuja juzi na watoto wake, nyumba ikachangamka, na walipoondoka tukaanza kuongea kwa sauti ya chini tena kana kwamba kuna mtu amelala.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unajua yanayotokea tukipigiana. Wewe unasema "Haya", mimi nasema "Haya", kisha tunalia wote wawili na hakuna anayemaliza sentensi. Kwenye karatasi angalau nafika mwisho.

Cherehani ya mama bado iko pale dirishani. Sijaihamisha. Uzi wa mwisho alioutunga ni wa bluu na bado umo kwenye tundu la sindano. Kazi zote nashonea ile yangu.

Sasa jambo lenyewe. Wewe ni msimamizi kwenye lile baraza la maswali la mtandaoni, unalijua vizuri. Labda hukujua kwamba mama naye alikuwemo. Alijiandikisha kwa jina la Pindo, kwa sababu huku mtaani wateja walimwita Mama Pindo. Mwaka mzima alikuwa akijibu maswali ya ushonaji: mashine inayoruka mishono, kola isiyokaa, zipu iliyogoma. Alinikataza kukwambia. Alisema, "Mwache. Siku moja atanikuta humo ndani na atashtuka." Kila akipata shukrani kutoka kwa mtu aliniuliza, "Ni mjomba wako?" Hukuwa wewe.

Mwaka jana mwezi wa Julai walimfungia. Majibu yake yote yaliondolewa siku moja. Miezi minne baadaye, kama ujuavyo, akatutoka. Juzi nimepata tangazo kwamba yaliyoondolewa yatafutwa kabisa yakitimiza mwaka. Mjomba, picha zake ninazo, nguo zake ninazo, lakini maneno yake yako humo tu. Nakuomba uyatoe kabla ya Julai.

Mpwa wako,
Uzi


2 Machi

Mpwa wangu Uzi,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa na alama ya kiatu cha mtu, lakini ilifika. Nashukuru kusikia mpo. Mimi goti limekataa kuonea mtu huruma. Kiwandani wiki hii tunachanganya rangi ya hospitali, ile ambayo ukiuliza ni ya kijani au ya kijivu kila mtu anakwambia lake. Nimerudia pipa zima mara tatu. Msimamizi wangu anasema macho yangu yamezeeka. Nimemwambia hayajazeeka, yamechoka kumtazama yeye.

Eti dada yangu alishika simu akajibu watu! Yule ambaye nilimfundisha kupokea simu akawa anaipigia kelele kama anamwita mtu ng'ambo ya mto! Nimecheka peke yangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wenzangu wakanitazama.

Lakini usidhani kila anayefungiwa ameonewa. Hujui tunachopambana nacho. Mtu anauliza namna ya kuziba paa linalovuja, chini yake wanambandikia: "Mungu amekukumbuka leo. Tuma ujumbe huu kwa watu kumi kabla jua halijazama, ukipuuza utajuta." Hawajui lolote kuhusu mapaa. Ujumbe uleule wanaubandika kwa anayeuliza bei ya saruji, na kwa mtoto anayeuliza hesabu. Sina ugomvi na Mungu, mpwa wangu. Ugomvi wangu ni na wanaobandika.

Kazi yenyewe ni hivi. Watu wakilalamikia jibu, linaingia kwenye foleni yetu. Tunaonyeshwa mistari miwili ya mwisho tu, kwa sababu takataka zao hukaa mwishoni. Ukiona mtu amerudia maneno yaleyale, kuna kitufe cha kuondoa kila alichoandika. Mimi nafanya wakati wa chai. Wamewahi kunisifu kwa wepesi.

Tuko wasimamizi kumi na wawili, na hatujuani kwa majina ya nyumbani. Atakuwa mmoja wao ameteleza. Nitatazama.

Msalimu mkeo. Hiyo cherehani usiihamishe kwa sasa.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na asante kwa kunijibu. Mke wangu alicheka sana kuhusu hiyo rangi ya hospitali, anasema ni rangi ya uji uliopoa. Mtoto wa mdogo wangu ameota jino. Hapa kazi ipo, sare za shule, nashona hadi vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine.

Nimefurahi kwamba utatazama. Lakini neno lako moja lilinikaa kooni. Mama hakuwa takataka.

Ngoja nikueleze tulivyokuwa tunafanya. Simu tuliisimamisha kwa kuiegemeza kwenye kopo la vifungo. Mimi namsomea swali, yeye anajibu huku mkono unakata kitambaa, mimi naandika. Hakuweza kujibu mtu bila kumwombea kwanza au mwisho. Alisema, "Mtu kakuuliza, kakuamini. Utampa maneno makavu?" Basi chini ya kila jibu kulikuwa na mstari: "Mungu akufungulie njia, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kazi ya mikono yako isianguke." Huo ndio mstari uliofanya afungiwe, wakaandika tu kwamba anachosha watu. Hakumwambia mtu atume kwa watu kumi. Hao wa watu kumi wanabadilisha neno moja kila siku na wamo humo mpaka leo, nimewaona.

Tulikata rufaa. Niliandika kwa heshima, "Tafadhali tuelezeni kosa." Jibu likaja: "Uamuzi ni wa mwisho." Chini yake aliyesaini amejiita Mizani. Basi. Nilimsomea mama. Alivuta uzi, akasema, "Huyu kijana hakulelewa na mama."

Baada ya hapo, mjomba, alibadilika. Zamani alikuwa akimkabidhi mteja nguo na kumwombea hapohapo mlangoni, mpaka wengine walikuwa wanachelewa kazini. Aliacha. Anakunja nguo, anatia kwenye mfuko, anasema "Haya, karibu tena." Siku moja yule jirani muuza mkaa alimuuliza, "Mama Pindo, leo huniombei, au gauni nimelilipia nusu?" Akamjibu, "Nimeambiwa nachosha watu."

Mtafute huyo Mizani. Nataka nijue kama ana mama.

Mpwa wako,
Uzi


25 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini uko salama na mkeo pia. Mpe hongera mwenye jino. Mvua imenyesha huku, paa la bweni la kiwanda linavuja juu ya kitanda cha jirani yangu, si changu, kwa hiyo namshukuru Mungu kwa siri. Goti ni lilelile.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi ilikuwa nyingi.

Nimeyapata majibu ya dada. Yapo. Nimeyasoma yote, nilichukua siku za mapumziko, nikayasoma kuanzia la kwanza. Yule mwenye suti ya harusi iliyochanika asubuhi ya harusi, nilisahau kwamba yamekwisha zamani, nikawa na wasiwasi naye. Kuna mahali anasema, "Ukikosea usifumue kwa hasira, kitambaa kinajua." Alikuwa akiniambia hivyo mimi, nikiwa mdogo, akinibania kaptula.

Nimepeleka jambo hili kwa kamati ya baraza. Wamekubali yarudi kwa sharti kwamba ule mstari wa mwisho uondolewe kila mahali. Majibu yabaki, mkia ukatwe. Pia wanataka aliyeyaondoa aandike hadharani kwa nini alikosea. Hilo la pili bado linazungumzwa.

Kuna kitu nataka kukuuliza, na unijibu taratibu. Mimi nimeishi na dada yangu tangu anibebe mgongoni. Alikuwa anaombea kila mtu, kweli. Lakini sijawahi kumsikia akiwaombea watu wawili kwa maneno yaleyale. Alikuwa akimwombea mwenye kuku kuku wake, na mwenye deni deni lake. Huu mstari uko chini ya majibu mamia, haubadiliki hata herufi. Huu si mdomo wake. Ni wa nani?

Halafu lile neno. Alisema hivyo kweli, kwamba hakulelewa na mama? Alilisema akiwa amekasirika au anacheka?

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Mke wangu amepata kazi ya kusimamia ghala la vitambaa, anarudi na nyuzi kwenye nywele. Safari hii aliyechelewa ni mimi, na sitasingizia kazi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikaiweka chini ya mguu wa cherehani ya mama, ule unaoyumba. Imekaa pale mwezi mzima. Sijakuuliza unatumia jina gani humo ndani, na sitakuuliza. Mtu anayeuliza mara mbili kama mama alisema "hakulelewa na mama" amekwisha kunijibu.

Alilisema anacheka, mjomba. Mdomo ulicheka.

Sasa la kwangu. Mstari ule ni wa kwangu. Mwanzoni niliandika kila alichosema. Mwanamke mmoja alikuwa anashona sare ya mtoto anayeanza shule, mama akasema, "Mungu amkuze mpaka nguo imbane." Kijana mmoja alivunja sindano nne kwa siku, mama akasema, "Mungu akupe subira, maana naona hukuja nayo." Mwingine alimwaga mafuta kwenye gauni la mama mkwe wake, mama akamwambia aweke unga wa sabuni, na Mungu ampofushe huyo mama mkwe mpaka likauke. Niliandika yote na tulicheka.

Kisha maswali yakawa mengi na mimi nina sare za kushona. Yeye dua zake zilikuwa ndefu, anasema, anasita, anaanza upya, anataka kujua mwenye swali ana watoto wangapi. Nikatunga mstari mmoja mzuri, nikauhifadhi kwenye simu, nikawa naubandika. Yeye bado anamwombea mtu, mimi nimekwisha kutuma. Aliniuliza, "Umeandika?" Nikasema, "Nimeandika, mama."

Alipofungiwa nilijua kwa nini. Alipoacha kuwaombea wateja mlangoni nilijua kwa nini. Ningeweza kumwambia, "Mama, si dua zako zilizochosha watu, ni uvivu wangu." Kila asubuhi nilikuwa na nafasi, tumekaa na hatua tatu tu kati yetu. Sikumwambia. Nikamwachia lawama Mizani, na mama akaenda bila kujua.

Kwa hiyo kamati wakikata mkia, wakate. Hawatakata chochote cha mama. Lakini waambie upesi, Julai inakuja.

Mpwa wako,
Uzi


21 Juni

Mwanangu Uzi,

Sijui nianze na salamu gani. Hamjambo? Mimi nipo. Hongera kwa mkeo. Kiwandani wamenihamishia kwenye kufunga makopo, wanasema ni kwa ajili ya goti.

Majibu yamerudi, na jina la Pindo limefunguliwa. Fungua uone. Kamati walitaka kukata mikia kwa mashine, nikakataa, nikakata mwenyewe mmoja mmoja, kwa sababu kuna majibu ya mwanzo yenye dua zake za kweli na mashine haiwezi kutofautisha. Zile nimewaambia hazitoki. Tulibishana. Mmoja akaniuliza, "Mzee, kanuni si zako mwenyewe?" Ni zangu kweli, niliziandika. Dua zimebaki.

Nimeandika hadharani kama walivyotaka. Wengi wamesoma, na wengine wameandika chini yake maneno ambayo sitakurudishia. Msimamizi mwenye zamu ameacha yabaki, na amefanya vizuri. Niliandika hivi: "Mimi ndiye Mizani. Nilimfungia Pindo bila kusoma jibu lake hata moja. Nilisoma mistari ya mwisho. Rufaa yake iliponijia niliifunga bila kuifungua, maana nilikuwa na foleni. Alikuwa dada yangu, aliyenilea. Nisingemjua hata hivyo, kwa kuwa sikuwa natazama mtu. Na kama asingekuwa dada yangu ningekuwa nimekosa vilevile, ila nisingejua." Nikaongeza kwamba naacha usimamizi.

Kuhusu wewe kubandika. Nimetafuta namna ya kukukasirikia nimeshindwa. Wewe ulibandika kwa haraka, mimi nikafuta kwa haraka, na katikati yetu alikuwa amekaa mtu asiye na haraka. Mama yako alinisubiri mwaka mzima nimkute humo. Nilimkuta, mwanangu. Nilimkuta nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikabonyeza kitufe, nikaendelea kunywa.

Usiniandikie kunifariji. Niandikie habari tu.

Mjomba wako


6 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima. Mdogo wangu anauliza kama utakuja akishajenga choo kipya, nimemwambia mjomba hafuati vyoo.

Umesema habari tu, basi nakupa habari.

Majibu yapo yote. Nilikaa nayo tangu asubuhi. Nimefuta utando wa vumbi kwenye dirisha la mama ili mwanga uingie vizuri, nikawa namsomea mke wangu kwa sauti. Zile dua ninazozikumbuka nimezirudisha mahali pake kwa maneno yake. Si nyingi. Mengine nakumbuka mkono wake tu, ulivyosimamisha mkasi akitafuta neno. Neno lenyewe sikulisikia, nilikuwa natazama simu. Majibu hayo yanaishia pale ushonaji unapoishia.

Jana mwanamke mmoja ameandika chini ya mojawapo. Aliuliza mwaka juzi jinsi ya kupunguza suruali ya mwanawe aliyekonda kwa ugonjwa, bila kuikata, ili akipona aifumue. Mama alimweleza vizuri sana: apunguze kwa ndani, aache kitambaa chote, mishono mirefu. Siku ile mama alimwombea yule mtoto muda mrefu, nakumbuka mpaka aliweka kitambaa chini. Mimi nilikuwa nimeshabandika.

Ameandika hivi: "Pindo, ulipotea, sasa umerudi, nimefurahi. Lakini mbona umeniondolea dua yangu? Niliinakili kwenye karatasi nikawa namsomea mwanangu kila asubuhi. Karatasi imelowa, maneno yamefutika. Tumelazwa tena. Anaiulizia. Nimekukosea nini?"

Nilikupigia simu mara mbili hukupokea. Nilikuwa nataka kukuuliza, wewe uliyefuta kwa mkono wako. Mke wangu akasema, "Mtungie nyingine, nzuri kuliko ile." Nilijaribu. Niliandika ya mtoto mgonjwa, ya hospitali, ya suruali. Nikaona nitakuwa namdanganya yule mama mara ya pili, na safari hii kwa ufundi zaidi. Anayoitaka ni ile, na mtoto anaijua ile.

Nikaubandika. Uleule, mjomba, neno kwa neno, kwa jina la mama: "Mungu akufungulie njia, wewe na wote wa nyumbani kwako, na kazi ya mikono yako isianguke." Kanuni zako zinakataza. Msimamizi mpya akiuona ataufuta, na hatakuwa na kosa.

Kabla sijabonyeza niliusoma kwa sauti mpaka mwisho. Sikuwahi kuusoma tangu siku niliyoutunga. Nilisimama pale dirishani, nikamtaja yule mtoto, ingawa simjui jina, nikasema mwenye suruali.

Nitamwambia kwamba Pindo amefariki, na kwamba aliyeandika ni mwanawe mvivu. Lazima nimwambie. Nilikuwa nimeanza kuandika hivyo hasa, na jibu lake likatangulia:

"Amina, mama. Nimemsomea. Amelala."

Nikafuta nilichoanza. Leo nimefuta tena.

Mpwa wako,
Uzi